Miche miwili imesimama, wa tatu umedumaa: Toplinki ya trekta na alizeti ya Singida

Mwezi wa pili, alizeti ya Singida ikifika magotini, shamba huanza kusema ukweli wake. Misimu michache iliyopita nilisimama kwenye kona ya ekari zangu mbili wilayani Ikungi, nikatazama mstari wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi, na yote ilinionyesha jambo lile lile. Miche miwili imesimama, wa tatu umedumaa. Miwili imesimama, wa tatu umedumaa. Ilikuwa kama vile mtu amepita shambani akihesabu.

Mbegu ilikuwa Record, yote ya mfuko mmoja. Mvua iliyonyesha kwenye mche mrefu ndiyo iliyonyesha kwenye mche mfupi. Palizi ilifanywa na watu wale wale. Nililaumu panya, nikalaumu mchwa, nikawalaumu waliopanda. Jirani yangu, mzee aliyelima kwa maksai tangu ujana wake, aliniacha nimalize lawama zangu. Kisha akachukua jembe la mkono na kufukua chini ya mche uliosimama. Jembe likazama bila ubishi. Akasogea hatua moja hadi kwenye mche uliodumaa, akapiga tena, na mara hii jembe likalia kana kwamba limepiga sakafu. Juu palikuwa na udongo laini wa vidole vinne tu, na chini yake ardhi ambayo chuma hakikuigusa msimu ule.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya miche yangu. Trekta nililolikodi lilikuwa na plau la diski tatu, na wapandaji walipanga mistari ikikatiza mapito ya plau. Diski mbili zililima, ya tatu ilikwangua. Kwa jicho la mtu aliyesimama barabarani, shamba lote lilikuwa jekundu, limepinduliwa, limependeza. Theluthi moja yake ilikuwa imepakwa udongo uliorushwa na zile diski mbili nyingine.

Kisa chake kilikuwa chuma kimoja kifupi nyuma ya trekta, ambacho madereva na mafundi wetu wanakiita toplinki. Dereva alikuwa ametoka kijiji kingine na plau likiwa hewani. Ili mkia wa plau usigonge matuta na mawe ya njiani, aliifupisha toplinki, kwani ukiifupisha mkia hupanda juu. Alipoingia shambani kwangu hakuirefusha. Alilima ekari zangu kwa plau lililotegeshwa kwa ajili ya barabara.

Naandika makala haya kwa sababu msimu wa kulima kwetu ni mfupi, trekta la kukodi halisubiri, na mkulima anayelipia ekari mara nyingi husimama pembeni akitazama moshi. Chuma hicho hakihitaji umeme wala kompyuta. Hugeuzwa kwa mkono, kwa dakika chache, na kila anayelipa fedha yake ana haki ya kujua kinafanya nini.

Pembetatu nyuma ya trekta

Ukisimama nyuma ya trekta dogo lolote, liwe Massey Ferguson kuukuu, Swaraj, Mahindra au New Holland, utaona sehemu tatu za kufungia zana. Chini kuna mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, inayonyanyuliwa na haidroliki. Hiyo ndiyo inayovuta. Juu, katikati, kuna toplinki, nayo hukamata kichwa cha plau. Sehemu hizo tatu zinafanya pembetatu, na pembetatu hiyo ndiyo inayolifanya plau kuwa kitu kimoja na trekta badala ya mzigo unaoburutwa.

Toplinki yenyewe ni bomba lenye nyuzi za skrubu kila upande. Upande mmoja nyuzi zimekatwa kulia na upande mwingine kushoto, hivyo ukilizungusha bomba upande mmoja ncha zote mbili hutoka pamoja na toplinki hurefuka. Ukilizungusha upande wa pili zote huingia nayo hufupika. Kuna nati ya kufungia ili mtikisiko wa shambani usiizungushe yenyewe. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa.

Kazi yake, hata hivyo, ni kubwa. Ukiifupisha, plau huinama mbele: diski ya kwanza huzama na ya mwisho hupanda. Ukiirefusha, plau hukaa chini kwa mkia: diski ya mwisho huzama na ya kwanza huelea. Ikipata urefu wake, diski zote tatu hushuka kina kimoja. Plau la diski tatu hufungua upana wa karibu sentimita 80 kila pito, na ekari moja ina mita za mraba 4,047. Maana yake, ili kumaliza ekari moja trekta hutembea kilomita 5 hivi ndani ya shamba lako. Kosa la nyuzi chache za skrubu hurudiwa kwa kilomita zote hizo.

Kuna kazi nyingine ambayo toplinki huifanya kimya kimya. Plau likiwa ardhini, udongo hulisukuma nyuma na kutaka kulipindua kuelekea kwa dereva. Nguvu hiyo hupanda kwenye toplinki na kusukuma trekta mbele, ili pua yake isinyanyuke. Katika matrekta mengi nguvu hiyo hiyo hukandamiza springi inayoiambia haidroliki kwamba udongo umekuwa mgumu na plau linyanyuliwe kidogo. Kwa hiyo chuma kile ni mguu wa kusimamia, na pia ni mkono unaopapasa udongo.

Mwana wa mkulima wa Ireland

Aliyeuunganisha mpango huu wote ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1884 karibu na mji wa Dromore, katika nchi ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Alikuwa fundi asiyetulia. Tarehe 31 Desemba 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege katika kisiwa cha Ireland. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipewa kazi ya kuangalia namna matrekta yanavyolima, na alichokiona hakikumfurahisha.

Siku hizo plau liliburutwa nyuma ya trekta kama tela. Likinasa kwenye kisiki au jiwe, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka, trekta likapanda juu ya ekseli yake lenyewe na kumwangukia dereva. Wengi walikufa hivyo. Ferguson aliona kwamba tatizo haliondoki kwa kuongeza uzito wa trekta. Linaondoka kwa kubadilisha namna ya kufunga plau. Mwaka 1926 alipata hataza ya mfumo wake, na mwaka 1936 matrekta ya kwanza yenye mfumo huo yakaanza kuuzwa. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford wa Marekani kwa kushikana mikono tu, na mwaka uliofuata likatoka trekta la Ford lenye mfumo wa Ferguson. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1946, trekta dogo la kijivu liitwalo TE20 lilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, na hadi lilipokoma mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay, aliyatumia matrekta ya aina hiyo kufika Ncha ya Kusini ya dunia Januari 1958.

Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris, na baadaye jina Massey Ferguson likazaliwa. Wazo lake, hata hivyo, halikubaki kwake. Leo karibu kila trekta la kilimo duniani, bila kujali rangi, lina mikono miwili chini na toplinki juu. Hata unene wa pini umewekewa viwango: kwenye matrekta madogo pini ya toplinki ina milimita 19, na kwenye yale ya kati ina milimita 25. Ndiyo maana plau lililotengenezwa India hukubali trekta lililotengenezwa Uingereza. Na ndiyo maana pia ukitia pini nyembamba kwenye tundu pana bila bushi, plau hucheza na hakuna kipimo kitakachotulia.

Maksai walitufundisha zamani

Nilipomweleza mzee jirani habari za toplinki, alitikisa kichwa kama mtu anayekutana na rafiki aliyebadilisha nguo. Wanyaturu na Wanyiramba wamelima kwa maksai kwa vizazi, na mkulima wa maksai hajawahi kuliacha plau lijiamulie.

Kwenye pua ya plau la ng'ombe kuna chuma chenye matundu. Ukiupandisha mnyororo tundu moja juu, plau linazama, ukiushusha, linaelea. Ukiurefusha mnyororo kati ya plau na nira, plau linazama, ukiufupisha, linapanda. Kuna kigurudumu cha mbele cha kuzuia lisipitilize. Mkulima hufungua mfuo wa kwanza, husimama, huingiza mguu ndani yake, hutazama udongo unagusa wapi, kisha hurudi kwenye mnyororo. Asubuhi udongo ukiwa na unyevu huweka tundu hili. Kufikia saa nne jua likiukausha huweka lile. Kipimo chake ni kifundo cha mguu wake mwenyewe.

Trekta lilipokuja tulipata kasi, na hilo ni jema. Tulichokipoteza ni mguu ndani ya mfuo. Aliyekuwa mtegeshaji wa plau akawa mtazamaji, na kazi ya kutegesha tukamwachia dereva ambaye hatalala katika kijiji kile, hatapalilia shamba lile wala hatavuna alizeti ile. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, wakimkanya mvivu anayetafuta visingizio. Sidhani walimkanya anayelipima jembe kabla ya kulima. Yeye ndiye mkulima hasa.

Udongo wetu hausamehe

Ziko sehemu za nchi hii ambako kosa la kina husamehewa na mvua. Singida si mojawapo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800. Katikati, Januari au Februari, mara nyingi anga hufunga kwa wiki mbili au zaidi. Alizeti huvuka kiangazi hicho kidogo kwa sababu mzizi wake mkuu unaweza kushuka zaidi ya mita moja kuutafuta unyevu. Lakini mzizi hauchimbi sakafu. Ukikuta ardhi ngumu sentimita 8 chini ya uso, hugeuka pembeni, na mche hukaa hapo ukingoja mvua kama mtoto aliyeachwa mlangoni.

Milimita moja ya mvua huangusha zaidi ya lita 4,000 za maji katika ekari moja. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu huja kwa saa moja na radi zake, ni zaidi ya lita 120,000. Udongo uliofunguliwa sawasawa hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Udongo uliokwanguliwa hujaa haraka, na maji yanayobaki huondoka na rutuba kuelekea bondeni.

Kisha kuna aina za udongo wenyewe. Kuzunguka Singida mjini, kati ya mawe makubwa ya itale yaliyosimama kama nyumba, kuna mchanga mwekundu na wa kijivu unaoshikana ukikauka. Kwenye mabonde na kuelekea tambarare ya Wembere kuna mbuga, udongo mweusi unaonata ukiloa na kupasuka ukikauka. Dereva anayeondoka kwenye mchanga asubuhi na kuingia mbugani mchana bila kugusa toplinki analima shamba la pili kwa kipimo cha shamba la kwanza.

Historia ya kanda hii inao mfano ambao haupaswi kusahauliwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wake mkubwa wa karanga Kongwa, jirani zetu wa Dodoma, kwenye uwanda huu huu mkavu wa kati. Yaliletwa matrekta makuukuu ya vita, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Ardhi ilipokauka ikawa kama saruji, na chembe ngumu za mchanga zikasaga vyuma vya plau. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Nguvu za mashine zilikuwepo tele. Kilichokosekana ni kuusikiliza udongo kabla ya kuushambulia.

Tangu hapo tumekuwa na awamu nyingi za matrekta. Rais Jakaya Kikwete alizindua mpango wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, na SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, ikaleta matrekta ya Farmtrac na New Holland kutoka India. Mwaka 2021 serikali iliipa alizeti kipaumbele, na Singida, Dodoma na Simiyu zikawekwa mbele katika kampeni hiyo. Mbegu zimezungumzwa, bei ya mafuta imezungumzwa, mikopo imezungumzwa. Kina cha kulima, ambacho mbegu hiyo hiyo itategemea, huzungumzwa na wachache.

Namna ya kutegesha

Nimejifunza hatua hizi kwa mafundi na kwa kukosea. Zinafaa plau la diski tatu kwenye trekta dogo, na mkulima anaweza kuzisimamia hata kama hajawahi kuendesha.

Anza na matairi. Hewa ya matairi ya nyuma iwe sawa kushoto na kulia, maana tairi lililolegea hulilaza plau upande mmoja na kumdanganya kila anayepima. Kisha trekta lisimame pahali tambarare.

Wakati wa kulima, magurudumu ya kulia hutembea ndani ya mfuo na ya kushoto hutembea juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Kwa hiyo plau halipimwi trekta likiwa limesimama sawa. Weka mbao imara chini ya magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma, zenye unene sawa na kina unachokitaka, tuseme sentimita 20. Shusha plau taratibu. Simama nyuma, mbali kidogo, utazame fremu. Ikiwa imelala upande, rekebisha kwa mkono wa kulia wa trekta, ule wenye hendeli ya kuzungushia, hadi fremu ilale sawa.

Sasa ndiyo zamu ya toplinki. Tazama plau kutoka ubavuni. Diski ya mbele ikigusa ardhi na ya nyuma ikiwa hewani, irefushe. Ya nyuma ikigusa na ya mbele ikiwa hewani, ifupishe. Zungusha nusu duru, tazama. Nusu duru nyingine, tazama tena. Diski zote zikigusa pamoja, kaza nati ya kufungia. Minyororo ya pembeni inayozuia mikono ya chini iachwe na ulegevu kidogo, ili plau lipate nafasi ya kujitafutia njia.

Ingieni shambani. Mfuo wa kwanza usiupime, kwa sababu gurudumu la kulia bado halijapata mfuo wa kutembelea. Pima pito la tatu. Trekta litembee mita 20 au 30, lisimame, na hapo ndipo kijiti cha kupimia, kilichotiwa alama za sentimita, kinapofanya kazi. Fukua kwa mkono nyuma ya kila diski hadi ukute ardhi ngumu, simamisha kijiti, soma. Vipimo vitatu vikikaribiana, endeleeni. Vikitofautiana, rudini kwenye toplinki.

Tazama pia kigurudumu cha nyuma cha plau. Kinatakiwa kitembee ndani ya mfuo kikiegemea ukuta wake, kwa sababu diski husukumwa pembeni na udongo na kigurudumu hicho ndicho kinachopokea msukumo huo. Kikining'inia hewani, toplinki ni fupi mno. Utaona mkia wa plau unayumba na dereva anapigana na usukani. Kikibeba uzito wote na diski ya mbele ikikataa kuingia, toplinki ni ndefu mno.

Zana nyingine hufuata mantiki hiyo hiyo. Haro iliyoinama mbele huacha mawimbi shambani. Planta iliyoinama huzika mbegu nyingine na kuacha nyingine juu, na alizeti inayotaka sentimita 3 hadi 5 huota kwa mafungu. Ripa iliyokaa chini kwa mkia huteleza juu ya udongo mgumu badala ya kuupasua.

Vyuma vilivyokufa

Nilipoanza kuuliza, niligundua kwamba baadhi ya madereva hawaigusi toplinki kwa sababu haigusiki. Nyuzi zimeshikana kwa kutu na vumbi. Nyingine zimepinda baada ya plau kugongwa kwenye jiwe. Mbaya kuliko zote ni ile isiyo toplinki tena: ya asili ilivunjika, na mahali pake pakachomelewa kipande cha bomba au nondo. Kipande hicho kina urefu mmoja daima. Trekta lenye kipande hicho linalima shamba la kila mtu kwa kipimo kimoja, liwe la mchanga au la mbuga.

Tiba yake ni rahisi. Fungua toplinki mwisho wa msimu, safisha nyuzi kwa brashi ya waya na dizeli, paka grisi, ifunike kwa kipande cha mpira wa tairi. Wakati wa kulima, hakikisha nyuzi za kutosha zimebaki ndani kila upande. Toplinki iliyotolewa hadi mwisho wake huchomoka siku plau linapokutana na kisiki. Ikiwa urefu wake hautoshi, nunua inayolingana na trekta. Usiiongeze kwa kuchomelea.

Chuma hiki pia huua

Kuna desturi moja ambayo lazima tuiache. Trekta likizama mbugani, au gari likikwama karibu na shamba, watu hufunga mnyororo kwenye pini ya toplinki, pale juu, kwa sababu ni pahali panapofikika kwa urahisi. Mnyororo ukivuta kutoka juu ya ekseli, pua ya trekta hunyanyuka, na kwa muda mfupi kuliko pumzi moja trekta linaweza kupinduka nyuma na kumlalia dereva. Ni ajali ile ile aliyoiona Ferguson zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tukiitengeneza upya kwa mikono yetu. Mnyororo wa kuvutia hufungwa chini, kwenye ndoano ya kuvutia au upau wa chini wa trekta. Kamwe si juu.

Na unapotegesha, plau liwe limeshushwa chini na injini imezimwa. Usiingie chini ya plau lililonyanyuliwa. Haidroliki ikiachia, uzito wote unashuka. Usisimame kati ya trekta na plau wakati mtu mwingine ameshika liva. Watoto wanaopenda kupanda juu ya plau ili waongeze uzito washushwe, hata kama ni wetu na hata kama wanalia.

Kina kiwe sehemu ya makubaliano

Dereva si adui wa mkulima. Hulipwa kwa ekari. Kila dakika anayosimama ni ekari inayomkimbia, na wiki ambayo mvua imeonyesha dalili kila mtu kijijini anamtaka yeye. Tukimlipa kwa eneo peke yake, atatupa eneo. Hilo tulilianzisha sisi.

Tunaweza kulibadilisha kabla ya injini kuwashwa. Wakati wa kupatana bei, taja na kina: ekari mbili, sentimita 20, tutapima pito la tatu. Afisa ugani wa kijiji anaweza kuwafundisha wakulima kupima kwa kijiti katika mkutano mmoja tu. Vyama vya msingi vinavyokodi matrekta kwa pamoja vinaweza kuweka kina kwenye karatasi ya makubaliano. Wanaofundisha madereva na mafundi, VETA na CAMARTEC ya Arusha wakiwemo, wanaweza kumtahini mwanafunzi kwa mfuo aliouacha nyuma yake badala ya namna anavyogeuza usukani. Na mkulima mwenyewe aseme kwa heshima, kwa sababu neno zuri halimchelewishi mtu: kaka, naomba tupime kidogo kabla hatujaendelea.

Msimu uliofuata nilisema hivyo. Dereva alikuwa kijana, na mwanzoni alitazama jua. Nilikuwa na kijiti cha mtama nilichokitia alama ya mkaa kwenye sentimita 20. Tulipima: 21, 19, 9. Alikaa kimya akitazama ile tisa. Kisha akazima injini, akachukua spana, akalegeza nati na kuizungusha toplinki, akaniita nitazame diski ya nyuma ikishuka. Tulipima tena mara mbili. Kabla ya kupanda kwenye kiti alichukua rangi nyeupe kwenye boksi lake la vifaa na kuchora alama mbili kwenye nyuzi. Moja ya barabarani, akasema, na moja ya shambani.

Alipomaliza ekari zangu nilimlipa, tukaagana. Akawasha trekta, akaifupisha toplinki hadi alama ya kwanza, kisha akasita na kunigeukia. Aliniomba kile kijiti. Nilimpa, akakichomeka nyuma ya kiti, akaelekea shamba lililofuata.